Gesi ya friji inakwenda wapi?

Nimepotea kidogo, najua, ila si kwa kupenda. Wiki tatu hizi ni andalio la somo juu ya andalio la somo, manake mazoezi ya kufundisha yamekaribia na sisi wa ualimu wa sayansi tunatakiwa tuingie darasani tukiwa tumeiva. Bumu nalo ndio hivyo, linasikika kama radi ya mbali, mvua hatuioni. Tuombeane uzima.

Leo nataka tuongee kemia. Msikimbie! Najua nusu ya mnaopita hapa ni watu wa Historia na Kiswahili, na kuna mmoja (anajijua) aliyeapa kwamba tangu amalize kidato cha nne hataki kusikia neno atomu. Nitakwenda taratibu. Mada niliyojipangia ni uchafuzi wa mazingira, na ndani yake kuna kipande cha tabaka la ozoni. Kwenye madesa tunayorithishana kipande hicho kina mistari minne tu: ozoni iko juu, inazuia mionzi mibaya, gesi za friji zinaitoboa, tuzipige vita. Basi. Mwanafunzi anakariri, anajibu, anapata alama zake, na anaondoka bila kujua kwamba habari hiyo inamhusu yeye na mtaa wake wa Ng'ambo au Isevya.

Mimi nimeona inatuhusu sana. Ngoja niwaeleze.

Karibu na geti la chuo kuna mama anauza barafu za ubuyu na ukwaju, maji ya baridi, na pembeni ana jiko la mkaa la maandazi. Friza lake ni la mtumba, lilikuja kwa meli kutoka Ulaya, likashushwa Dar, likapanda lori mpaka huku. Mwezi uliopita likagoma. Fundi akaja na mkoba wake, akalivuta mbele, akakata kamrija kadogo pale kwenye kompresa. Psssssss. Gesi yote iliyobaki ikatoka, ikaenda zake. Kisha akachomelea palipovuja, akanyonya hewa iliyokuwa kwenye mirija, akajaza gesi mpya kutoka kwenye mtungi mdogo, akalipwa, akaaga. Hakuna aliyeshangaa, ni kazi ya kila siku. Tulikuwa watatu kwenye benchi, na mshikaji wangu mmoja akauliza: "Hivi hiyo gesi imekwenda wapi?"

Swali dogo hilo, ila madesa yetu hayalijibu. Kulijibu lazima tuanze na mtungi wa bibi.

Bibi zetu hapa Unyamwezi hawakuwa na umeme, na maji yao yalikuwa baridi. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo sana. Maji yanapenya polepole mpaka nje na kugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndio maana kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtungi unapoza vizuri kuliko masika. Ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano unasikia ubaridi, na siri ni hiyo hiyo.

Friji ni mtungi ambao mvuke wake haupotei. Ndani ya mirija kuna kimiminika kinachochemka hata kwenye baridi kali. Kikichemka kinanyonya joto la barafu zako za ubuyu na kuwa gesi. Kompresa inaikandamiza ile gesi, inapata moto, inapita kwenye mirija ya nje na kulitoa lile joto (gusa nyuma au ubavuni mwa friji uone), inarudi kuwa kimiminika, inaanza tena. Kwa hiyo friji halitengenezi baridi, linahamisha joto tu. Na mzunguko wote huo unategemea kitu kimoja: umepata kimiminika gani cha kuweka mle ndani.

Watu wa Historia, hapa mpate haki yenu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kwetu. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii hii, mwezi Novemba. Kwa safari ndefu namna hiyo unabeba chakula kisichooza: nafaka, chumvi ya Uvinza, samaki wakavu wa Ziwa Tanganyika, na vile viazi vitamu vyetu vya kukaushwa, michembe na matobolwa. Nyama mbichi ulitembea nayo ikiwa hai, kwa miguu yake minne. Leo migebuka ya Kigoma inafika Tabora ikiwa na barafu, na chanjo za watoto zinakaa kwenye jokofu la zahanati zikisubiri siku ya kliniki. Kwa hiyo anayesema "tuyapige vita mafriji" hajawahi kuwa na mtoto wa kuchanjwa. Friji tunalihitaji, ishu ni kilichomo ndani ya mirija.

Mafriji ya mwanzo yalitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili. Yalipoza vizuri, ila yakivuja ni sumu, na huko Marekani miaka ya 1920 walikufa watu ndani ya nyumba zao. Ndipo mwaka 1928 mwanakemia Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya kampuni ya General Motors iliyokuwa inatengeneza mafriji ya Frigidaire, wakatafuta gesi isiyodhuru mtu. Wakaipata. Atomu moja ya kaboni, mbili za klorini, mbili za florini: CCl2F2. Baadaye ikaitwa R12, na ukoo wake mzima ukaitwa klorofluorokaboni, kwa kifupi CFC. Mwaka 1930 Midgley akasimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta mapafuni, kisha akaipuliza taratibu kwenye mshumaa. Yeye hakuanguka, mshumaa ukazimika. Yaani kwa pumzi moja akaonesha kwamba si sumu na haishiki moto. (Msijaribu hosteli, tafadhali.)

Sasa angalieni sifa zake kama mwanafunzi wa kemia. Inachemka kwenye nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo inafaa friji. Haishiki moto. Haina sumu. Haili chuma cha mirija. Haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kutosha. Haigombani na oksijeni. Kamba inayofunga kaboni na florini ni mojawapo ya kamba ngumu kuliko zote kwenye kemia ya kaboni. Kwa lugha ya mtaani, ni gesi mpole, haina neno na mtu.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Manake hewa hii tunayovuta ina namna yake ya kujisafisha. Gesi nyingi tunazoitupia huku chini ama zinaungana na kitu kingine zikavunjika, ama mvua inazisomba na kuzirudisha ardhini. R12 mvua haiwezi kuisomba, na hakuna wa kuivunja huku chini. Kwa hiyo inazurura. Molekuli moja ya R12 inaishi angani takriban miaka 100. Iliyotoka kwenye friji la babu yako bado ipo, inatembea.

Hapa mwanafunzi mwerevu ataninyoshea mkono: "Ticha, R12 ni nzito. Moli moja ina gramu 121, na hewa ya kawaida ina gramu 29 tu. Si itatambaa chini kama maji?" Swali zuri, na watu wazima wamewahi kulitumia kubisha. Ukiifungulia chumbani ghafla ni kweli inatuama chini. Lakini nje hewa haijakaa kwenye chupa. Pepo na mawingu vinaikoroga, kama sukari kwenye chai, na ukishakoroga sukari huwezi kusema iko chini ya kikombe. Hewa imekorogwa hivyo mpaka juu sana, kilomita 80 na zaidi. Vipimo vya maputo na ndege vimezikuta CFC kule juu zenyewe.

Na kuna jambo ambalo nilipolisoma nilifunga kitabu nikatoka nje kuangalia mawingu. Hewa ya huku chini haipandi kwenye stratosfia popote tu. Inapandia zaidi kwenye ukanda wa tropiki, sisi tulioko karibu na ikweta, kisha inasambazwa kuelekea ncha za dunia. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Zamani mji wetu ulikuwa njia panda: msafara ukifika hapa unaamua, magharibi kwenda Ujiji au kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Kumbe hata angani ukanda wetu ni njia ya kupandia. Gesi iliyotolewa London au Tokyo nayo inazunguka mpaka ipate lango la huku, ndipo ipande. Safari hiyo inachukua miaka.

Huko juu, kati ya kilomita 15 na 35 hivi, ndiko iliko sehemu kubwa ya ozoni. Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, O3, na kazi yake ni kunyonya mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi na kuharibu macho. Sasa R12 ikishapanda juu ya sehemu kubwa ya lile tabaka inakutana na mionzi mikali ambayo huku chini haifiki, na mionzi hiyo inafanya kile ambacho hakuna mwingine aliyeweza: inakata atomu ya klorini. Klorini ikiwa peke yake haina upole tena. Inanyakua atomu moja ya oksijeni kutoka kwa ozoni:

Cl + O3 → ClO + O2

Kisha ClO inakutana na atomu ya oksijeni iliyo peke yake:

ClO + O → Cl + O2

Mmeiona klorini? Imeingia klorini, imetoka klorini, haijapungua hata kidogo. Ni kichocheo. Inarudi kazini tena na tena, na inakadiriwa atomu moja inaweza kuvunja hata molekuli 100,000 za ozoni kabla haijafungwa kwenye kiwanja kingine cha kemikali na kushushwa chini. Mario Molina na Sherwood Rowland ndio waliolieleza hili mwaka 1974. Wenye viwanda wakabisha kwa miaka. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wanapima huko Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya juu yao inapungua vibaya kila masika ya kule. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kwa nini Antaktika, wakati mafriji yako Ulaya na Marekani? Kwa sababu majira ya baridi ya kule stratosfia inapoa chini ya nyuzi 78 za hasi, yanatokea mawingu ya barafu, na juu ya mawingu hayo klorini iliyokuwa imefungwa inafunguliwa. Jua likirudi mwezi Septemba, kazi inaanza. Ndio hilo wanaloliita tundu.

Sasa nije kwenye kilichoninyima usingizi.

Mwenzetu mmoja wa darasani ana ualbino. Tabora jua halina masihara: tuko juu kama mita 1,200, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa. Yeye ni kofia pana, mikono mirefu, na ile losheni ya Kilisun inayotengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilipokuwa nawafanyia majaribio ya somo langu hosteli, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ticha, nijibu kweli. Hili jua linaloniunguza mimi, ni kwa sababu ya mafriji ya Wazungu?"

Jibu rahisi lingekuwa ndiyo. Lingependwa pia. Ila si kweli, na mwalimu hatakiwi kupendwa kwa uongo. Juu ya tropiki tabaka la ozoni ni jembamba kwa asili, manake ozoni inatengenezwa huku kwetu zaidi halafu pepo za juu zinaibeba kuipeleka pande za ncha. Na jua letu linapiga wima. Upungufu ulioletwa na CFC juu ya tropiki umekuwa mdogo sana ukilinganisha na ule wa Antaktika. Babu yake angekuwa na ualbino kwenye msafara wa 1857, jua lingemuunguza vile vile.

Lakini nikamwambia na upande wa pili. Mwaka 2009 wanasayansi wakiongozwa na Paul Newman wa NASA walichapisha hesabu ya dunia ambayo haikuzuia CFC. Wakaziacha kwenye kompyuta ziongezeke. Kufikia mwaka 2065 karibu theluthi mbili ya ozoni yote ya dunia imekwisha. Na kabla ya hapo, miaka ya 2050, ozoni ya juu ya tropiki inaporomoka, kwa njia inayofanana na ile ya Antaktika. Yaani juu yetu. Mwaka 2050 yeye na mimi tutakuwa hatujafika hata miaka 60 ya kustaafu ualimu, na wanafunzi wetu watakuwa na watoto.

Akakaa kimya, akasema: "Kwa hiyo mimi sijaunguzwa na friji, ila nimeokolewa na mkataba." Sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi ya hapo, na nimelinakili kwenye andalio langu.

Mkataba wenyewe: Vienna, Machi 1985, makubaliano ya jumla. Kisha Itifaki ya Montreal, 16 Septemba 1987, iliyosema nani aache nini na lini. Tanzania iliingia kwenye yote mawili mwaka 1993, na mwaka 2007 zikatoka kanuni za kudhibiti kemikali zinazomong'onyoa ozoni chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Nchi tajiri zilitakiwa ziwe zimeacha CFC kufikia 1996, sisi nchi zinazoendelea kufikia 2010. Nchi zote za Umoja wa Mataifa zimejiunga. Fikirieni, mataifa yasiyokubaliana hata kuhusu saa ya kuanza kikao yamekubaliana hapa. Na tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 inasema mambo yakienda hivi ozoni itarudi kama ya mwaka 1980 kufikia 2040 hivi sehemu kubwa ya dunia, 2045 juu ya Aktiki na 2066 juu ya Antaktika.

Na si friji tu. Tabora ni mkoa wa tumbaku, kwa hiyo hili nalo mlijue: kwenye nchi za tumbaku kama Malawi na Zimbabwe wakulima walikuwa wanafukiza vitalu vya miche kwa bromidi ya methili kuua wadudu na magugu. Bromini, ikilinganishwa atomu kwa atomu, inavunja ozoni kama mara 60 zaidi ya klorini. Itifaki ikaizuia kwenye mashamba ya nchi zinazoendelea kuanzia 2015, isipokuwa kwa vibali maalumu.

Sasa rudini nyuma ya friji lenu. Pale karibu na kompresa kuna kibandiko chenye herufi R na namba. Kisomeni hivi:

R12. Ndiyo CFC yenyewe. Ukikuta hii, friji ni la kizamani hasa. Gesi yake isiachiwe hewani kwa namna yoyote.

R22. Iko kwenye viyoyozi vingi vya zamani. Bado ina klorini, ila imewekewa atomu ya haidrojeni, na haidrojeni hiyo ndiyo udhaifu wake: nyingi yake inavunjika huku chini kabla ya kupanda. Madhara yake kwa ozoni ni kama asilimia 5 ya R12. Nayo inaondolewa: nchi kama yetu zinatakiwa kuwa karibu zimemaliza kufikia 2030, ikibaki kidogo ya matengenezo mpaka 2040.

R134a. Haina klorini kabisa. Ozoni iko salama. Ila ina shida nyingine, inakuja.

R600a. Hii ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Haigusi ozoni, na haipashi dunia joto kwa kiasi cha kuhesabika. Ila inashika moto.

Friza la mama wa barafu ni R134a, nilichungulia. Kwa hiyo ile psssss haikugusa ozoni hata chembe. Tuseme ilikuwa gramu 150. Lakini R134a inazuia joto la dunia lisitoke, kilo kwa kilo, mara 1,430 ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Piga hesabu: gramu 150 mara 1,430 ni kama kilo 214. Hiyo ni sawa na moshi wa lita 90 na kidogo za petroli. Kwa sekunde chache! Bodaboda wa pale getini atazunguka siku nyingi sana kuzimaliza hizo. Ndio maana Oktoba 2016 nchi zilikutana hapa jirani, Kigali, zikaongeza gesi za aina hii kwenye Itifaki ya Montreal. Kwa kundi la nchi ambalo Afrika imo, kipimo ni kupunguza hadi asilimia 80 kufikia 2045.

Wanafunzi wengi (na walimu wengine) wanachanganya haya mawili: wanasema joto limezidi kwa sababu tundu la ozoni linapitisha jua. Hapana. Ozoni ni habari ya mionzi, joto ni habari ya gesi zinazolifunika. Gesi za friji zimeingia kwenye kesi zote mbili, ila ni kesi mbili.

Nikamfuata fundi. Ni mtu mzima, nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu kwa nini haikusanyi ile gesi. Hakukasirika. Akaniambia: "Mdogo wangu, hiyo mashine ya kunyonya gesi naijua. Bei yake unaijua wewe? Na nikishaikusanya hiyo chafu, niipeleke wapi hapa Tabora? Na huyu mama barafu zake zinayeyuka, ananiambia fanya haraka." Maswali matatu, yote ya haki. Akaniongezea la nne lililonitisha: haya mafriji mapya ya R600a, kuna vijana wanaokata mirija na kuwasha moto wa kuchomelea hapo hapo. Kumbukeni jiko la maandazi lilikuwa hatua mbili.

Kwa hiyo mtu wa mwisho kwenye mkataba mkubwa kuliko yote ya mazingira ni fundi mwenye mkoba kwenye vumbi la Tabora. Zamani njia hii ilitoa pembe za ndovu mgongoni mwa Wanyamwezi, zikaenda Zanzibar, na nyingi zikaishia kuwa vibonyezo vya piano huko Marekani. Leo njia imegeuka, vinakuja mafriji waliyoyachoka, na gesi iliyomo inakuja pamoja nayo. Bonde lote la lawama kulimwagia fundi naona si haki. Anahitaji mafunzo, mashine ya kuchangia na wenzake, na mahali pa kupeleka gesi ikasafishwe itumike tena. Gesi inasafishika, na gesi ni hela. Na mnunuzi naye asome kibandiko kabla hajatoa pesa, aulize friji linavuja wapi kabla ya kusema "ongeza gesi tu". Friji linalojazwa gesi kila mwaka lina tundu, na gesi haiishi kwa kutumika.

Somo langu nimeshalipanga, dakika 80. Nitaingia na mtungi, si na chati. Nitawapa ile milinganyo miwili waniambie wenyewe klorini imekwenda wapi. Kazi ya nyumbani: kila mmoja asome kibandiko cha friji moja mtaani kwao, la dukani, la zahanati, la kwa shangazi, aje na namba. Nataka tuhesabu Gongoni ina R ngapi, na Kanyenye ina ngapi. Kama matokeo yakiwa ya maana nitawaletea hapa.

Haya, mshumaa wa subira umeisha na roommate, samahani, mwenzangu wa chumba anataka taa izimwe. Wa TP popote mlipopangiwa, mkapige kazi. Tuko pamoja.